Niliimba Kuomba Chumvi

Namshukuru Mungu aliyenipa ulimi mara mbili. Wa kwanza alinipa kama alivyowapa nyinyi. Wa pili niliupata nikikamua ng'ombe. Msicheke kwanza.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tumehamishwa juzi tu, nyumba za kijiji kipya nyingine hazijaezekwa. Mwanangu alikuwa anatambaa. Asubuhi moja natwanga, mchi ukaniponyoka. Mkono wa kulia ukawa kama si wangu, mdomo ukapinda. Nilipozinduka zahanati, Kikurya kimekwenda, Kiswahili kimekwenda. Ndugu zangu, nawaambia, akili ilikuwepo! Nataka maji, mdomo unatoa "jembe". Nasikia nimekosea, najaribu tena: "jembe". Wakaniletea jembe.

Mkono ukarudi kidogo kidogo. Maneno yakagoma. Shemeji zangu wakaanza: "Huyu ameharibika. Arudishwe kwao, mtoto abaki." Wanasema mbele yangu kama mbele ya kisiki. Na mume wangu kanyamaza.

Tulikuwa na ng'ombe mwekundu, mkaidi, hashushi maziwa bila kuimbiwa. Mama mkwe akanipa kibuyu. "Kamua. Ulimi umelala, mikono isilale." Nikachuchumaa, nikasahau kwamba siwezi, nikaimba. Maneno yote! Mama mkwe akadondosha kuni.

"Sema tena!"

Nikataka kumwita mama. Ikatoka "jembe".

Akanikokota hadi zahanati. Muuguzi, dada mmoja wa kutoka Songea, akanisikiliza, akasema: "Mama, kichwani maneno ya kusema na maneno ya wimbo hayapiti njia moja. Njia moja imebomoka. Pita hii nyingine mpaka ile ifunguke." Akanifundisha kugonga paja kwa mkono wa kushoto, neno kwa neno, kama ngoma.

Basi nikaimba kuomba chumvi. Nikaimba kufukuza kuku. Majirani wanauliza, "Leo kwenu kuna harusi?" Mwanangu naye alikuwa anaanza kusema, tukawa wanafunzi wawili. Akanipita.

Wazee wakaitwa kukata shauri langu. Shemeji mkubwa akasema, "Hata mkimuuliza, hajibu."

Mama mkwe akasimama na mwiko wake. "Hamjamuuliza. Muulizeni, halafu mfunge midomo."

Mzee mmoja wa ukoo akaniuliza, "Binti, unataka kurudi kwenu?"

Nikalitafuta neno. Halikuja upesi. Shemeji akafungua mdomo, mama mkwe akamwonyesha mwiko. Nikagonga paja. Nikaimba, kwa sauti ileile ya ng'ombe mwekundu: "Siendi. Mtoto wangu yuko hapa. Siendi."

Yule mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Haya, maziwa yameshuka. Twendeni nyumbani."

Namshukuru mama mkwe, aliyekuwa mkali kuliko mimi. Namshukuru yule dada wa Songea, popote alipo. Namshukuru hata ng'ombe. Maneno yalirudi taratibu, mengine mpaka leo yananichenga. Mkiona nimesimama katikati ya habari, sijapotea. Nalitafuta neno. Msinitafutie.

Sasa wewe mama uliyekaa hapo mbele na mumeo aliyepooza. Tangu mmefika, watu wanamsalimia yeye, unaitikia wewe. Unampenda, naona. Lakini unamfungia mlango. Mtu aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Muulize, kisha umpe nafasi.

Baba, chai au uji?

Mama, usimjibie. Sote tunamngoja.