Bi. Fadhila Nurdin na Barua Arobaini na Moja za Visiwani

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Fadhila Nurdin, mkuu wa masijala, anastaafu baada ya kuitumikia Taramati Vifaa Tiba kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya wafanyakazi wa ghala letu la Ilemela hawajafikisha umri huo.

Aliingia mwaka 1994 akiwa mpiga chapa, kampuni ikiwa bado duka la chumba kimoja pale Mirongo, na mwenye duka, Bwana Hiren Jivraj, akibeba maboksi mwenyewe. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa rika lake waliomba kuhamishiwa ghalani. Yeye aliomba mwongozo, akaenda nao nyumbani, akarudi Jumatatu na maswali ambayo Jonathan, fundi wetu wa TEHAMA, alihitaji siku mbili kuyajibu. Chai yake ina tangawizi kali kiasi kwamba wageni huomba maji. Hajawahi kuipunguza.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa Februari 2022.

Maagizo yote ya wateja huingia kwenye anwani moja ya barua pepe, kisha kompyuta huyachambua yenyewe kwa kanuni alizoziweka Jonathan. Barua yenye neno “kisiwa” huhamia kwenye folda ya pamoja iitwayo Visiwani, ambayo sote tunaifungua. Mwezi ule folda hiyo ilikuwa tupu, nasi tukadhani biashara imepoa. Ndipo akapiga simu Wilhelmina, muuguzi wa kituo cha afya kisiwani. Kati ya mashine zao mbili za oksijeni za watoto wachanga, moja ilikuwa imezimwa kwa kukosa chujio.

“Shikamoo mama. Nimewaandikia mara nne. Kama hamna, niambieni nitafute kwingine.”

Jonathan alikagua. “Kanuni inafanya kazi, mama. Labda hawakutuma.”

“Mtu hawezi kusema mara nne kama hakutuma,” alijibu Bi. Fadhila, akavuta kiti.

Aliagiza chujio zitolewe ghalani papo hapo, kisha akajiandikia barua ya majaribio yenye neno “kisiwa”. Haikuonekana popote. Akaandika nyingine bila neno hilo, ikaingia vizuri. Basi kanuni ilikuwa inaichukua barua na kuipeleka mahali. Yeye na Jonathan wakazima kanuni zote kumi na tisa, wakaziwasha moja moja, kila mara wakituma barua ya majaribio na yeye akiandika matokeo kwenye daftari. Walipowasha ya kumi na mbili, barua ikapotea. Jonathan akaifungua kanuni hiyo kuona inaelekeza wapi: folda ya Visiwani, ndiyo, lakini ile ya zamani, iliyokuwa imehamishiwa ndani ya folda ya kumbukumbu za 2021. Ile tuliyokuwa tukiifungua kila siku ilikuwa mpya, yenye jina lilelile. Kanuni ilikuwa imeifuata ya kwanza. Humo zililala barua arobaini na moja ambazo hazijasomwa.

Tulishangilia. Bi. Fadhila hakushangilia. Alikuwa amekumbuka ni nani aliyesafisha folda mwezi Januari.

Hakuna ambaye angejua. Hata hivyo, kwenye kikao cha Jumatatu alisimama mbele ya Bwana Hiren. “Folda niliihamisha mimi, na sikumuuliza Jonathan. Wateja wote walioandika barua zile nimewapigia, nikawaomba radhi kwa jina langu.”

Bwana Hiren aliuliza: “Na chujio za yule muuguzi?”

“Zilifika Jumamosi. Mashine zote mbili zinafanya kazi.”

Tangu siku hiyo makosa yetu tunayasema mapema. Wengine tulikuwa tumeyaficha kwa miaka. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawili, nikayapeleka kwake wiki ileile. Alinimiminia chai kwanza.

Masijala amemwachia mwenzetu Modesta, baada ya miezi mitatu ya kumfundisha kila kanuni na sababu yake. Ijumaa iliyopita aliliondoa jina lake kwenye orodha ya wanaoifungua folda ya pamoja. Aliitazama skrini kwa muda, akacheka, akasema, “Kumbe na mimi naweza kukaa bila barua.” Kisha akaenda kuaga ghalani, mtu mmoja mmoja, na ikamchukua hadi saa kumi jioni.

Anahamia Kisesa, karibu na Bujora, kwa dada yake Mwanvua, ambako mabanda ya kuku yameshajengwa. Bi. Fadhila, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa kusimama siku ile. Uishi kwa afya na furaha, na usiku ulale usingizi mzuri: kila barua imefika.