Madam Mwamini na Faili la Wote

Na Dunia Yakobo, Kidato cha Tatu

Ujiji, Jumatatu, 24 Novemba 2025. Nimepewa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe nimwandike Madam Mwamini Khalfani, nami naahidi kueleza yote, hata yale ambayo wenzangu wa klabu ya kompyuta wangependa niyaruke.

Madam anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha. Alianza na hisabati huko Mwandiga, akahamia kwetu, na kompyuta za kwanza zilipoletwa shuleni ndiye aliyekubali kujifunza ili atufundishe. Mafanikio yake ni mengi, lakini klabu yetu itakumbukwa kwa jinsi ilivyomchosha.

Tulikuwa tunatengeneza tovuti ambayo akina mama wa Kibirizi wataitumia kutangaza dagaa wao. Madam alitaka kila sehemu iwe na jaribio, yaani programu ndogo inayojifanya mfanyabiashara: inaingia kwa namba ya simu na neno la siri, inatangaza dagaa, kisha inaonyesha kijani kama mambo ni sawa, nyekundu kama kuna kosa. Kila mmoja wetu aliandika jaribio lake, na kila mmoja alinakili hatua zilezile za kuingia. Siku mwenzetu Pastory alipobadilisha ukurasa wa kuingia, hatua za zamani hazikufaa tena, na skrini zote zikawa nyekundu. Tukarekebisha nakala moja moja, juma zima, na bado Nasra akasahau yake. Madam alivua miwani. "Wanangu, mlango ni mmoja! Kwa nini kila mtu amejichongea ufunguo wake?"

Ndipo akatuagiza tuandike hatua za kuingia mara moja tu, katika faili aliloliita Msaada, na majaribio yote yazichukue humo. Akalifananisha na sufuria za shughuli za mtaani kwake, ambazo yeye ndiye mtunzaji wake. Kila nyumba yenye harusi au hitima huziazima, na hakuna anayezirudisha zikiwa na pilau lake ndani.

Tulielewa kwa siku chache. Selestini alihitaji kumjaribu mfanyabiashara aliyeishiwa dagaa. Badala ya kuwaondoa dagaa ndani ya jaribio lake mwenyewe, aliandika amri hiyo ndani ya Msaada. Basi kila jaribio lililoingia, dagaa wake walifutwa palepale! Na siku hiyo ilikuwa siku ya wazazi. Mama Elida, mchuuzi wa Kibirizi, alisimama mbele ya skrini nyekundu akauliza, "Mwalimu, hii itauza dagaa wangu au itawala?"

Selestini, ambaye skrini yake pekee ilikuwa kijani, akajitetea kutoka nyuma, "Lakini yangu inapita, Madam!"

"Yako inapita," Madam akasema, mikono kiunoni. "Darasa zima limekwama, yako inapita!"

Mpaka leo, mtu akijipendelea shuleni kwetu huambiwa hivyo hivyo.

Tangu siku ile, badiliko haliingii katika Msaada bila Madam kulisoma na kulikubali. Akikataa, hueleza. Tukibisha, hupumua kwa nguvu, akaeleza tena. Tumenung'unika sana, lakini muhula huu majaribio yamebaki kijani, na Januari akina mama wataanza kuitumia tovuti.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Madam hajamtaja wa kulisimamia faili baada yake. Juzi nilimwona Wema akinakili tena hatua za kuingia kwenye jaribio lake, eti Madam anaondoka, nani atasoma? Tukirudi kule, ukurasa ukibadilika hatutajua kipi kimeharibika, na atakayekosa wateja ni Mama Elida.

Madam, ahsante kwa uvumilivu wako, na hata kwa siku ulizoishiwa nao. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu anayelia kwamba imekuwa nyekundu tena. Sufuria za mtaa utabaki nazo. Msaada je? Nimesoma kila badiliko ulilolikataa, pamoja na sababu zako, na nadhani sasa naweza kuzieleza hata mara mbili. Naomba jibu kabla hujarudisha ufunguo wa maabara Ijumaa: utaniachia mimi?