Walburga, Aliyesoma kwa Jina la Emerensiana

Baba Paroko, viongozi mliofika, ndugu na majirani, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Walburga Joakim Kapinga, ambaye wengi mnamfahamu kama Nesi Emerensiana, jambo ambalo litaeleweka mkituvumilia kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 25 Februari 1974 huko Matiri, mtoto wa tatu wa Mzee Joakim, mkulima wa kahawa, na Mama Restituta. Tangu darasa la pili alisema atakuwa nesi, akawa anawafunga kuku wa nyumbani bandeji za vipande vya khanga. Mwaka 1988 alimaliza darasa la saba, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, hakuchaguliwa, na serikali ilikataza mtu kurudia darasa.

Ilimkataza Walburga, haikumkataza mtu mwingine. Januari 1989 aliteremka Lituhi kwa shangazi yake Tadea, ambako jirani mmoja, binti Emerensiana Hyera, alikuwa ameacha shule darasa la sita ili auze usipa, dagaa wa ziwani, na jina lake lilikuwa limebaki shuleni bila kazi. Alilitoa kwa moyo mweupe, akisema, "Chukua tu, dada, samaki hawaniulizi jina."

Shida ilikuwa kuitika. Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliita Emerensiana, Walburga akatazama paa, na mwenye jina, aliyekuwa akipita nje na tenga lake, akaitika, "Nipo, mwalimu," ndipo mwalimu mkuu akaamua kwamba wa nje aendelee kuuza, na wa ndani aanze kusikia.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, Emerensiana aliomba asomewe, akasikia jina lake, akaacha tenga sokoni, akadandia lori hadi Matiri, akaingia uwanjani na vigelegele, "Shikamoo baba, nimefaulu!" Mzee Joakim, ambaye hakuwahi kumwona, alielewa kabla ya kuitikia marahaba, akamchinjia kuku mmoja wa wale wa bandeji.

Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1993, na mwaka uliofuata, kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi kwa fedha mkononi, baba alipata ada, naye akaingia chuo cha uuguzi, akaajiriwa mwaka 1998 katika zahanati ya mwambao wa ziwa. Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa na Mwalimu Pankras Ndimbo wa Liuli, kanisa likamwozesha Walburga, na ofisi ikamnyima likizo kwa kuwa Emerensiana hakuwa na cheti cha ndoa. Walijaliwa watoto wawili, Getrude na Adrian, mbali na akina Emerensiana wadogo waliojaa mwambao wote, waliopewa jina la mkunga wao.

Mwaka 2014 alianza kusumbuliwa na figo, akafariki tarehe 9 Mei 2015. Jana, ofisa mmoja alimweleza Emerensiana Hyera, aliyetusindikiza kufuata kibali cha mazishi, kwamba kwa mujibu wa karatasi yeye ndiye marehemu, naye akajibu, "Basi nimekufa nikiwa mkunga, si haba." Yuko hapa, mstari wa mbele. Msalaba umeandikwa Walburga, na jina la kuazima limerudi kwa mwenyewe, likiwa limesoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake.

Pumzika kwa amani, Walburga, na huko ukiitwa, utaitwa kwa jina lako, itika, usitazame paa.