Alama za Mzee Kapinga

Wasikilizaji wapendwa, najua mna majonzi leo. Wengi mlikuwa kijijini Ukata juzi Ijumaa. Tumemzika Mzee Wendelin Kapinga. Mzee Kapinga, yule aliyewapa alama wachezaji wa mpira wa kikapu katika redio hii, kila Jumamosi, kwa miaka tisa.

Kwa wasiomfahamu, niseme. Alikuwa mwonja kahawa hapa Mbinga mjini. Miaka thelathini na moja aliifanya kazi hiyo. Anavuta kijiko kimoja cha kahawa kwa kelele, anaizungusha mdomoni, anatema, anataja alama. Wakulima wanamsubiri nje roho juu. Alipostaafu alikuja hapa studio, akanisalimia, akasema, "Benadetha mwanangu, kahawa nimeiacha, lakini mdomo bado unataka kutoa alama." Nilicheka. Nikampa dakika kumi za kikapu, nikidhani atachoka mwezi wa pili.

Hakuchoka. Na alikuwa bahili, jamani. Mchezaji anafunga pointi thelathini, mzee anampa sita kati ya kumi. Unamuuliza kwa nini. "Hakurudi kukaba." Basi, imekwisha hiyo.

Kikapu alikipenda kwa sababu ya bintiye, Lidia. Alimpigilia mkanda wa pipa ukutani kwenye stoo ya kahawa, uwe goli, Lidia akiwa darasa la tatu. Mama Hedwiga, mjane wake, aliniambia msibani, "Ukuta wangu ule una mabaka mpaka leo. Nilikuwa nagomba, wao wanacheka." Lidia huyo ndiye mnayemjua. Anacheza ligi ya kulipwa ya wanawake Dar es Salaam, timu ya Mawimbi, na mwaka huu walifika fainali. Michezo mitano, anayeshinda mitatu ndiye bingwa.

Mchezo wa kwanza baba alimpa Lidia sita. Wa pili, saba. Wa tatu, saba. Wasikilizaji mlipiga simu mkisema anambania mtoto wake. Akawajibu kwamba hapa studioni hana mtoto.

Mchezo wa nne ulichezwa Alhamisi, na Alhamisi ile Mbinga nzima haikuwa na umeme. Mzee hakuuona. Alitumiwa karatasi ya takwimu kwenye simu. Lidia: pointi tatu. Jumamosi akaketi kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, akasema, "Lidia Kapinga, alama mbili. Anacheza kwa jina tu." Mtu aliyekataa maisha yake yote kutaja alama ya kahawa ambayo haijapita mdomoni mwake. Sikumuuliza kama aliuona mchezo. Kazi yangu ni kuuliza, na sikuuliza.

Lidia hutusikiliza kwa simu huko Dar. Alisikia. Kuanzia saa ile hakupokea tena simu ya baba yake.

Jumapili mzee aliteremka Mbamba Bay kwa shemeji yake, Margareta, na huko marudio ya mchezo yakawa kwenye runinga. Margareta anasema, "Shemeji aliangalia mpaka mwisho. Samaki wakapoa mezani. Akasema, nimemwonea mtoto. Halafu akaomba karatasi na kalamu."

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni hapa studio, na karatasi mkononi. Akaniomba dakika tano, siku hiyohiyo. Nilimwambia, "Mzee, leo ratiba imejaa. Si Jumamosi ipo?" Akasema, "Simu hapokei, mwanangu. Redio anasikiliza." Wasikilizaji wapendwa, nilimsikia vizuri kabisa. Nikarudia, Jumamosi. Akaiweka karatasi mezani, akasema basi kaa nayo.

Jumatano alfajiri presha ikamchukua. Mchezo wa tano ulikuwa jioni yake. Lidia hakuucheza, alikuwa ndani ya basi anakuja nyumbani.

Baada ya mazishi nilimpa ile karatasi. Nilishindwa kumtazama usoni. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, akalia mpaka akakaa chini. Kisha akanirudishia. "Dada, kaisome redioni. Ile mbili waliisikia watu wote."

Naisoma kama ilivyoandikwa.

"Mchezo wa nne. Lidia nilimpa mbili bila kuuona mchezo. Sasa nimeuona. Edina wa timu pinzani alikuwa akifunga ishirini na zaidi kila mchezo. Lidia alipewa kazi ya kumkaba, akamkaba, Edina akapata nne. Lidia hakupumzishwa hata dakika moja. Mawimbi walishinda kwa sababu yake. Alama tisa. Moja nimekata kwa mitupo huru miwili aliyokosa, na yeye mwenyewe anajua. Ile mbili nipewe mimi. Wendelin Kapinga."

Mama Hedwiga, Lidia, na ukoo wote wa Kapinga, poleni sana. Bwana ampumzishe kwa amani. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mmemhukumu kwa kuambiwa tu, mtafuteni leo. Na mtu akikuomba dakika tano, mpe. Mimi nilikuwa nazo. Jumatatu ile nilipiga nyimbo nne mfululizo kujaza muda.

Lidia, najua uko Ukata na redio imewashwa. Umeisikia kwa sauti yangu. Ilikuwa uisikie kwa sauti ya baba yako. Nisamehe, mdogo wangu.