Kinyozi wa Wodi ya Vichwa Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bw. Patrobas Mulongo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Kwenye karatasi za ofisi yeye ni mhudumu wa wodi. Sisi tunamjua kama kinyozi wa wodi ya vichwa, yaani yule anayewanyoa wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa ubongo.

Aliajiriwa mwaka 1994 kufagia. Kabla ya hapo alikuwa na kibanda cha kunyolea Majengo, na siku muuguzi mmoja alipomwona akimnyoa mgonjwa bila kumkwaruza, mambo ya ufagio yakaisha. Vijana wa mtaa wa Jericho wakiletwa na hofu zao, huwauliza, "Niaje boss, unataka style gani? Mimi niko na moja tu." Hucheka hata wenye maumivu. Timu yake ikifungwa, lakini, usimkaribie mpaka Jumanne.

Naandika kwa niaba ya wafanyakazi wote, ila nina sababu yangu pia. Mwaka 2022 mimi, Triza Kageha wa ofisi ya rekodi, nilianza kuamka kichwa kikiniuma, nikitapika kabla ya chai, na mkono wa kushoto ukiangusha mafaili. Majirani zangu Makadara walilaumu simu. Wengine wakataja jicho la mtu. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba haukuwa saratani, na kwamba mara nyingi chanzo cha uvimbe kama huo hakijulikani. Wachache huupata kwa kurithi, au kwa mionzi mikali waliyowahi kupigwa kichwani. Wapo ambao uvimbe wao huangaliwa tu, na wapo wanaohitaji mionzi au dawa. Wangu ulikuwa umeanza kukandamiza ubongo. Ulipaswa kutolewa Alhamisi, la sivyo mkono ungekwenda na mengine yangefuata.

Mama akaja kutoka Vihiga. Upasuaji aliukubali, kunyolewa akakataa katakata. Kwetu jamaa hunyolewa baada ya maziko, na alisema hataketi pale aone mtoto wake akinyolewa kwa msiba ambao haujatokea. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, kalamu mkononi, na sikuweza kutia sahihi fomu ya upasuaji huku mama analia. Jumatano karibu yote ilipita hivyo. Wauguzi walimbembeleza, daktari akaeleza upya, nami nikamfokea mama yangu, jambo ambalo bado linaniuma.

Mulongo hakubishana. Alivuta kiti, akamwamkia kwa lugha yetu ya Kimaragoli, kibovu kwa kuwa yeye ni Mbukusu, akauliza habari za mahindi. Kisha akasema, "Mama, hata kwetu Bungoma tunanyoana tukishazika. Lakini yule amelala kwa sanduku hatumnyoi. Tunanyoa wale wamebaki. Mimi nataka kunyoa Triza sababu yeye ni wa kubaki."

Mama akaomba mashine aninyoe mwenyewe. Sheria inasema kunyoa ni kazi ya mhudumu, kwa hiyo Mulongo aliishika mwenyewe, mkono wa mama ukiwa juu ya wake, wakaninyoa hivyo wawili polepole, mama akiimba wimbo wa kanisani. Nilimpenda sana mzee huyu siku hiyo. Nikatia sahihi.

Upasuaji ulichukua saa sita. Mkono wa kushoto haujarudi wote, na vikombe vyangu vya ofisini ni vya plastiki. Kila mwaka napigwa picha, na mpaka sasa ni safi.

Tangu wakati huo, kabla ya kuchomeka mashine kwenye umeme, wahudumu wa wodi ile huiuliza kwanza familia maana ya kunyolewa kwao. Mulongo ndiye aliyewafunza, na Shiundu anayemrithi ameapa kuendelea, ingawa mzaha wake bado haujaiva.

Mzee Mulongo, asante kwa mikono yako na kwa subira yako. Tunakutakia afya na miaka mingi ya kupumzika, na mkeo Mama Opicho tunamwombea uvumilivu wa kukaa nawe nyumbani kutwa. Mama yangu atakuwepo Ijumaa. Ameagiza niandike kwamba nywele za Triza zitanyolewa tena tukishamzika yeye mama, si mapema, na kwamba yeye hana haraka.