Lafudhi ya Bahari

Jiwe la mlimani lilikuwa juu ya benchi, kati ya birika la kahawa na goti la Fundi Redio. Binti yake, anayepima mawe katika maabara, alimletea asubuhi akamweleza habari zake mpaka zikamkaa kichwani. Tangu meli ya mizigo izame na mwanawe wa kiume, mwaka wa pili sasa na mwili haujapatikana, mzee huyu alikuwa haitaji bahari. Leo alitaka kuitaja. Wenzake wawili wakamwachia nafasi: Bomba, ambaye kazi yake ni kuziba mabomba, na Spika, ambaye mdomo wake haujapata wa kuuziba.

— Humu ndani mna bahari, alisema Fundi.

— Unatufunga kamba, mzee, alisema Spika.

— Sakafu ya bahari inazama polepole chini ya kisiwa chetu. Huko inaminywa, inapata joto, maji yanaitoka. Yanapanda, yanayeyusha mwamba. Ndiyo huo uji wa moto unaotapikwa na mlima.

— Na bintiyo kajuaje ni ya bahari? Maji si maji tu? aliuliza Spika.

— Yana chembe zilizo ndugu, zimefanana kila kitu isipokuwa uzito. Bahari ina mchanganyiko wake wa nzito na nyepesi. Ni kama lafudhi. Hamia utakako, ukifungua mdomo unajulikana.

— Basi bahari inavuja, alisema Bomba. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Si haya yamezoleka? alisema Fundi.

— Ndiyo nasema. Wahenga hawakuwa na maabara.

— Ikivuja hivyo itakauka, alisema Spika. Tutavuka ng'ambo kwa miguu, tunaokota kila kilichozama.

Akajiuma ulimi, amechelewa. Lakini Fundi hakukasirika. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani na jiwe: alitamani mtu amwambie kwamba kinachozama hurudi.

— Kinarudi, eti? aliuliza.

— Kinarudi, mzee, alisema Spika kwa upole. Moshi ule wa mlimani ni pumzi za waliozama.

— Baada ya muda gani? aliuliza Bomba.

— Mamilioni ya miaka, alijibu Fundi.

Mkwewe, mjane wa marehemu, alikuwa amesimama nyuma yao na mkate mkononi. Alikuwa amesikia yote.

— Baba, samahani. Mtoto akimwombea babake huelekea dirisha la baharini. Sasa nimgeuze aelekee mlimani?

Fundi alisogea, akampa nafasi. Walikaa wanne, jiwe katikati yao.