Hodi Mbili za Mwalimu Gerald Semboja (1951–2025)

Wachungaji, wazee wetu, ndugu, na majirani mliopanda mlima tangu asubuhi kutoka Handeni, Kwamsisi na Korogwe: wakubwa shikamooni, na wote poleni kwa safari na kwa msiba. Wasifu huu unasomwa na bintiye wa mwisho, Asnath. Mwalimu hakupenda hotuba ndefu, lakini leo hana namna ya kunikatiza, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Gerald Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Lutindi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Raymond Semboja na mama Stefania. Wazazi walipokuwa shambani alibaki na bibi yake, na bibi huyo alimfundisha jambo lililomkaa maisha yote. Alimwambia kwamba aliye hai akija kwako hupiga hodi mara tatu, na kati ya hodi na hodi hupumzika. Aliyekufa naye anaweza kuja, tena kwa sauti ileile unayoijua, ila yeye hupiga mbili tu, kwa kuwa ya tatu inataka pumzi. "Ukisikia mbili, kaa kimya," bibi alisema. Tangu hapo mtoto Gerald hakukimbilia kumfungulia mtu yeyote mlango, hata aliposikia mgeni kaleta nyama.

Alianza shule ya msingi hapa misheni mwaka 1959. Alikuwapo mama mmoja wa Kijerumani aliyefundisha kinanda, ambaye alimwona mtoto huyu akichungulia dirishani kila siku akamwambia aingie. Alimfundisha kusoma nota, na aliporudi kwao mwaka 1968 alimwachia kitabu cha opera ya zamani, yaani tamthilia ambayo watu huimba tangu mwanzo hadi mwisho. Inasimulia habari za msaga nafaka aliyekwenda vitani. Nyumbani inafika taarifa kwamba amekufa, kisha jioni moja sauti yake inasikika mlangoni, na mkewe yuko peke yake. Kitabuni mlango unagongwa, mke anapiga ukelele, pazia linashuka. Gerald aliona kuwa wenye opera yao walikuwa na haraka.

Alisomea ualimu Korogwe, akaanza kazi Januari 1972, na kwa miaka thelathini na tisa alifundisha katika shule za Handeni, ikiwemo Kwamsisi, hadi alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi wake watamkumbuka kwa hesabu na kwa fimbo. Sisi wengine tunamkumbuka kwa ule mlango. Opera ile aliitafsiri kwa Kiswahili, na kila likizo ya Pasaka aliiigiza na kwaya. Jukwaani aliweka mlango mmoja uliosimama peke yake bila ukuta. Nyuma yake aliwasha karabai, akaifunika blanketi ili mwanga upite chini ya mlango tu, na katika mwanga huo alisimamisha vipande viwili vya mti vyenye ukubwa wa miguu ya mtu. Mwenye sauti hakukaa nyuma ya mlango. Alikuwa Mwalimu mwenyewe, amesimama gizani nyuma ya watazamaji, na alipoimba "Hodi" watu waliisikia kisogoni huku macho yao yakiwa kwenye ile miguu. Kwaya ilinyamaza kwa pumzi saba. Ikaja hodi ya pili, na pumzi saba nyingine. Ya tatu iliposikika, mke alifungua, blanketi likavutwa, na ukumbi mzima ukajaa mwanga. Waliowahi kuona wanajua kwamba watu walikuwa wanalia hata kabla hawajajua kilichowaliza.

Mke huyo wa jukwaani alikuwa Filomena, mwimbaji wa sauti ya kwanza kutoka Korogwe, na tarehe 9 Desemba 1978 akawa mke wa nyumbani. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1985 walipoigiza Kwamsisi, vumbi lilimkaba Mwalimu baada ya hodi ya pili na sauti ikakataa kutoka. Filomena, kwa kudhani amesahau, akanyoosha mkono kwenye komeo. Hapo kati ya watazamaji alisimama kijana mmoja mkulima wa mahindi, Mwinjuma, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, usifungue. Huyo kapiga mbili tu." Hakuna aliyecheka. Kijana akabaki amesimama, na Filomena akabaki na mkono hewani, mpaka Mwalimu alipopata koo lake akapiga ya tatu. "Haya," Mwinjuma akasema, "sasa fungua," akaketi. Urafiki wao ulianzia hapo, na mzee Mwinjuma yuko nasi leo. Hajawahi kuingia kwetu kwa hodi pungufu ya tatu.

Mama yetu Filomena alipofariki mwaka 2016, Mwalimu aliuegemeza ule mlango ukutani na kusema kazi imekwisha. Aliyemrudisha kazini ni mimi. Mimi na mwenzangu Munira tunatengeneza gemu za simu pale Korogwe, na mwaka 2023 nilimwomba opera yake tuifanye gemu. Mchezaji angekuwa ndiye mke, kidole chake kikiwa kwenye komeo. Tuligombana kama wapangaji wa nyumba moja. Nilitaka mfu aonekane uso. "Ukimwonyesha umemfukuza," alisema. Nilitaka mchezaji apate pointi.

"Za nini?"

"Ili ajue ameshinda, Baba."

"Nani amekwambia atajua?"

Alishika saa na kunipimia zile pumzi saba, na aliagiza sauti isikike nyuma ya mchezaji. Tulipoijaribu saa sita mchana kwenye kijiwe cha bodaboda Handeni, Sharifu, dereva anayejulikana kwa kutoogopa hata trafiki, alivua spika za masikioni akageuka kutazama nyuma yake. Kisha akaturudishia simu. Baba alifurahi wiki nzima.

Mwishoni mwa mwaka huo alianza kukohoa, na madaktari walisema ni mapafu. Agosti 2024 tuliegemeza magodoro kwenye dirisha la chumba chake kuzuia kelele, tukarekodi hodi ya kwanza na ya pili. Ya tatu alikataa. "Hiyo ni ya mtu mwenye pumzi," alisema. "Ngoja nipone." Miezi ikapita. Munira alinionyesha kwamba kompyuta inaweza kuzitumia zile mbili ikatengeneza ya tatu, na hakuna atakayetofautisha. Nilipomweleza Baba alicheka, halafu akaacha kucheka. "Ukifanya hivyo utakuwa umempa mfu hodi ya tatu. Sasa utamtambuaje?" Nilimwahidi kwamba sitafanya.

Tarehe 2 Februari mwaka huu alilazwa hospitalini Korogwe. Hapa naomba radhi kwenu, kwa sababu desturi ya wasifu si kujisema mwenyewe, lakini jambo hili nisipolisema leo sitapata pa kulisema. Alhamisi tarehe 6 nilikwenda nyumbani kwake Handeni kumchukulia shuka na redio. Kaka yangu Raymond alibaki naye. Kompyuta yenye sauti zake ilikuwa kwa Munira. Jua lilikuwa kali, nyumba ilikuwa kimya, na mimi nilikuwa sebuleni nakunja shuka niliposikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Baba. Haikuwa ya Agosti, yenye kukohoa. Ilikuwa ile ya Pasaka, nzima. Nilikuwa nimeutazama mlango, na sauti ilitoka nyuma yangu. Chini ya mlango, kwenye mwanga wa jua, palikuwa na vivuli viwili, kimoja huku na kimoja kule. Nilikwenda nikaweka mkono kwenye komeo. Nikahesabu pumzi saba. "Hodi," akasema tena, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari.

Nilihesabu saba nyingine. Nilihesabu saba za tatu. Nilitaka kufungua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikufungua, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha. Simu ikaita. Alikuwa Raymond, akisema Baba ametutoka saa tisa na dakika kumi alasiri. Nilipotazama tena chini ya mlango palikuwa na mwanga mtupu, na nilipofungua, kibarazani hapakuwa na mtu.

Jana nilimuuliza mzee Mwinjuma, "Baba mdogo, nilikosea?"

"Hukukosea, mwanangu," akasema. "Hata mimi ningemwacha nje. Kisha ningelia kama unavyolia wewe."

Gemu itatoka bila hodi ya tatu. Mchezaji atasikia mbili, na mkono ukiwa kwenye komeo ataamua mwenyewe. Baba asingekubali, lakini sasa najua kwamba hesabu ya bibi inakwambia aliye mlangoni ni nani. Haikwambii ufanyeje kama unampenda.

Marehemu Mwalimu Gerald Semboja, aliyeishi miaka sabini na mitatu, ameacha watoto watatu, Raymond, Bernadina na Asnath, wajukuu watano, mdogo wake Benedicto, rafiki yake Mwinjuma, kwaya nzima ya Lutindi, na mlango mmoja usio na ukuta. Leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, tunamlaza pembeni ya mkewe Filomena.

Baba, samahani. Mungu akupumzishe kwa amani, na huko ulikofika akufungulie, hata kama utapiga mbili tu.